Jina na Daftari: Historia Fupi ya Kubadili Majina ya Safu katika Hifadhidata

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya tendo moja dogo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halimhusu mwanaisimu: tendo la kubadili jina la safu katika jedwali la hifadhidata. Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza tendo hilo limeingiaje katika kurasa za idara ya lugha. Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, kamusi zetu, orodha zetu za istilahi na mikusanyo yetu ya lahaja haikai tena katika visanduku vya kadi. Inakaa katika tarakilishi, ndani ya majedwali yenye safu, na kila safu ina jina ambalo mtu fulani alilichagua. Pili, swali lililomo ndani ya tendo hili ni swali la kale la taaluma yetu: je, jina likibadilishwa, ni kitu gani hasa kilichobadilika?

Hoja tutakayoitetea ni hii. Maadamu jina la kitu lilikuwa katika maandishi ya mtu mmoja, kulibadili lilikuwa jambo lake mwenyewe. Jina lilipohamishwa likatiwa katika daftari la wote, kulibadili kukawa jambo la umma. Waundaji wa hifadhidata waliwahi mapema kuunda amri ya kubadili jina lililomo daftarini; lakini jina lililokwisha kutapakaa katika maandishi ya watu halikutii amri hiyo, na kila mfumo umetafuta njia yake ya kulikabili jambo hilo.

Kabla ya kuendelea, tueleze istilahi chache. Jedwali ni mpangilio wa data wenye mistari inayolala na safu zinazosimama. Kila mstari ni habari za kitu kimoja, na kila safu ni sifa moja ya vitu hivyo. Mwono ni jedwali lisilokuwa na data yake lenyewe, ambalo huonyesha data ya majedwali mengine kwa mpangilio uliotakiwa. Utaratibu uliohifadhiwa ni mfululizo wa amri uliopewa jina na kuwekwa ndani ya hifadhidata yenyewe, ili mtu autekeleze kwa kuutaja jina lake tu. Daftari kuu ni yale majedwali ambamo hifadhidata huandika habari zake yenyewe: ina majedwali gani, yenye safu zipi, za aina gani.

2. Kutoka mahali hadi jina

Hapo awali safu haikuwa na jina. Ilikuwa na mahali. Katika hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 1890, Herman Hollerith alitumia kadi zilizotobolewa matundu, na tundu lilipata maana kutokana na mahali lilipo kwenye kadi. Kadi ya IBM iliyotoka mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, na karani aliyeifanyia kazi alipaswa kujua kwamba, tuseme, safu ya 1 hadi ya 20 ni jina la mtu, na ya 21 hadi ya 26 ni tarehe. Aliyekosa kujua hivyo hakuweza kuisoma kadi hata kama ilikuwa mkononi mwake.

Lugha ya COBOL, ambayo kamati yake iliundwa mwaka 1959, iliwapa waandishi wa programu uwezo wa kupapa mahali hapo jina. Mwandishi alitangaza mwanzoni mwa programu yake kwamba herufi ishirini za kwanza zitaitwa hivi, na sita zinazofuata zitaitwa vile. Hata hivyo, jina hilo lilikuwa mali ya programu, wala halikuwa mali ya data. Waandishi wawili waliosoma kadi zile zile waliweza kuziita safu zake kwa majina tofauti kabisa, na mashine isione ubaya wowote. Kwa hiyo kubadili jina kulikuwa kwepesi: mwandishi alifuta katika programu yake na kuandika upya. Hali hii yafanana na hali ya mtunzi wa kale aliyeandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, akichagua mwenyewe namna ya kuonyesha sauti ambazo hati hiyo haikuwa na herufi zake. Hakuwa na wa kumwomba idhini.

Mageuzi yalikuja mwezi wa Juni, 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alipochapisha makala yake kuhusu data zilizopangwa kwa uhusiano. Codd aliona kwamba mifumo ya wakati huo ilimlazimisha mtumiaji kujua data zimekaaje ndani ya mashine, na kwamba mpangilio huo ukibadilishwa, programu zilizoutegemea zilivunjika. Miongoni mwa mambo aliyoyapinga ni kuitambua safu kwa nafasi yake katika mpangilio. Alipendekeza kwamba mtumiaji asilazimike kukumbuka kuwa safu fulani ni ya tatu au ya saba. Badala yake kila safu itambulike kwa jina, na mahali ambapo aina moja ya data imejitokeza mara mbili katika jedwali moja, safu zipambanuliwe kwa majina ya dhima zao.

Twaona basi kwamba jina liliingizwa ili kumwokoa mtumiaji na utumwa wa mahali. Hilo lilikuwa jambo la heri. Lakini kila utumwa unaoondolewa huweza kuacha mwingine nyuma yake: aliyekuwa akiitegemea nafasi sasa akaanza kulitegemea jina.

3. Daftari kuu, na lugha iliyobadilishwa jina

Kutoka mwaka 1974 hadi 1979, wataalamu wa maabara hiyo hiyo ya San Jose waliunda mfumo wa majaribio uliojulikana kama System R, ili kuona kama mawazo ya Codd yanaweza kutendeka. Donald Chamberlin na Raymond Boyce walibuni lugha ya kuuliza na kuamuru, wakaieleza kwa watu mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL. Baadaye iligunduliwa kwamba jina hilo lilikuwa alama ya biashara ya kampuni moja ya ndege ya Uingereza. Ikabidi lifupishwe kuwa SQL.

Kwa kadiri ya makaratasi, jambo hilo lilikwisha. Shirika la viwango la Marekani lilipoidhinisha lugha hiyo mwaka 1986, na lile la kimataifa mwaka 1987, ilikuwa SQL. Lakini hadi leo watumiaji wengi wanapoitamka hawatamki herufi tatu moja moja. Hulitamka lile jina lililoachwa. Jina lilibadilishwa katika daftari, ndimi zikabaki na la kwanza. Ni bahati njema kwa mwandishi wa makala haya kwamba lugha ambayo kwayo majina ya safu hubadilishwa ilipatwa yenyewe na mkasa huo tangu utotoni mwake.

Jambo kubwa zaidi katika System R, kwa shabaha yetu, ni daftari kuu. Majina ya majedwali na safu hayakukaa tena katika programu ya kila mtu. Yaliandikwa katika majedwali maalumu ya mfumo wenyewe. Codd alipotoa kanuni zake mashuhuri mwaka 1985, mojawapo ilidai kwamba habari za hifadhidata zihifadhiwe kwa namna ile ile ya majedwali, ili mwenye idhini aweze kuziuliza kwa lugha ile ile anayoitumia kuuliza data nyingine. Daftari likawa moja, na jina likawa moja kwa wote.

Hapa mwanaisimu wa Afrika ya Mashariki hawezi kukosa kukumbuka mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya lugha ya Kiswahili ya makoloni ya eneo hili ili kusanifisha tahajia na msamiati. Kabla ya hapo kila misheni na kila serikali iliandika kwa namna yake. Baada ya hapo palikuwa na daftari moja. Faida zake ni dhahiri: kitabu kilichopigwa chapa mahali pamoja kikasomeka kwingine. Hasara zake zimejadiliwa mara nyingi katika majarida ya aina hii. Tunalotaka kulisisitiza hapa ni kwamba tangu siku hiyo, kubadili neno kukawa na gharama ambayo hapo awali haikuwapo, kwa sababu watu wengi walikuwa wamekwisha kuliandika.

4. Utaratibu wa kubadili jina

Mwaka 1984 Mark Hoffman na Robert Epstein walianzisha kampuni ya Sybase katika mji wa Berkeley, California. Bidhaa yao, iliyotoka mwaka 1987, ilisifika kwa kuweka taratibu zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata yenyewe. Mwaka 1988 ulitangazwa mkataba baina ya Sybase, Microsoft na Ashton-Tate, na mwaka uliofuata ikatoka SQL Server ya tarakilishi ndogo zilizotumia mfumo wa OS/2. Ushirika wa Microsoft na Sybase ulivunjika mwaka 1994, kila mmoja akaendelea na njia yake. Lakini wote wawili walirithi utaratibu mmoja uitwao sp_rename. Kiambishi sp_ ni alama ya taratibu za mfumo, zile ambazo mtumiaji huzikuta tayari na huweza kuziita akiwa katika hifadhidata yoyote ya mfumo huo.

Kwa nini waundaji walitumia utaratibu uliohifadhiwa, badala ya kuongeza neno jipya katika lugha yenyewe? Sababu moja tunaiona katika muundo wa mfumo. Madhali majina ya safu yalikuwa yameandikwa katika jedwali la daftari kuu, kubadili jina hakukuwa ila kubadili herufi katika mstari mmoja wa jedwali hilo. Kazi hiyo iliweza kuandikwa kwa lugha iliyokuwapo tayari. Katika matoleo ya zamani msimamizi aliweza hata kuufungua utaratibu huo na kuyasoma maandishi yake, kama mtu afunguaye saa akaona magurudumu yake. Wala lugha sanifu haikuwa na amri ya kushindana nao: kiwango cha mwaka 1992 kiliruhusu kuongeza safu katika jedwali na kuiondoa, lakini hakikuweka amri ya kuibadili jina.

Namna ya kuuita utaratibu huo katika SQL Server ni kama ifuatavyo:

EXEC sp_rename 'maneno.asili', 'mahali', 'COLUMN';

Maana yake ni kwamba katika jedwali la maneno, safu iitwayo asili sasa iitwe mahali. Kisehemu cha mwisho huueleza mfumo kuwa kinachobadilishwa ni safu, wala si jedwali au kitu kingine. Jina la kale hutanguliwa na jina la jedwali lake. Jina jipya husimama peke yake, na halihitaji mabano ya mraba ambayo kwa kawaida hutumiwa katika SQL Server kuyazunguka majina. Aliyezoea kuyaweka mabano hayo kila mahali akayatia hata hapa, hujikuta na safu ambayo mabano yamekuwa sehemu ya jina lake. Utaratibu hausomi nia. Huchukua herufi kama ulivyozipewa.

Amri hiyo ikiisha kutekelezwa, hakuna data iliyohamishwa wala kuguswa. Jedwali lenye mistari milioni moja hubadilishwa jina la safu kwa wepesi ule ule wa jedwali lenye mistari kumi, kwa kuwa ndani ya mfumo safu hutambuliwa kwa nambari, na jina ni kibandiko juu ya nambari hiyo. Hata hivyo mfumo humpa mtumiaji onyo: kwamba kubadili sehemu yoyote ya jina kwaweza kuvunja maandishi ya amri na taratibu zilizohifadhiwa.

Onyo hilo ndilo kiini cha mambo. Taratibu na miono katika SQL Server huhifadhiwa kama maandishi, kwa herufi zile zile alizoziandika mtungaji. Daftari kuu likibadilika, maandishi hayo hayabadiliki. Yataendelea kuita asili, na siku yatakapotekelezwa mfumo utajibu kwamba hakuna safu yenye jina hilo. Kwa upande wa Sybase hatari ilikuwa ya namna nyingine. Utaratibu uliokwisha kufasiriwa na mfumo uliweza kuendelea kufanya kazi baada ya jina kubadilishwa, mpaka siku ile mfumo utakapoona haja ya kuufasiri upya. Na hilo liliweza kutokea bila mtumiaji kuarifiwa. Jeraha lilipatikana leo, maumivu yakaja mwezi ujao.

5. Rejea inayopotea na rejea inayohama

Ikiwa jina lisilopatikana huleta kosa, angalau mtumiaji huarifiwa. Kuna hali iliyo mbaya zaidi, nayo itamvutia mwanasarufi kwa sababu ni suala la rejea.

Tuchukue swali lenye swali jingine ndani yake: chagua kila neno katika jedwali la maneno ambalo asili yake imo katika orodha ya asili zilizomo katika jedwali la vijiji. Majedwali yote mawili yana safu iitwayo asili. Sasa tubadili jina la safu hiyo katika jedwali la vijiji tu, iitwe mahali, na swali tuliache lilivyokuwa. Tungetarajia kosa. Lakini kanuni ya lugha ya SQL ni kwamba jina lisilopatikana katika swali la ndani hutafutwa katika swali la nje. Na huko nje, katika jedwali la maneno, asili bado ipo. Kwa hiyo swali halikosi, hubadilika maana. Kila neno sasa laulizwa kama asili yake ni sawa na asili yake lenyewe, na alimradi jedwali la vijiji si tupu na neno lina asili iliyoandikwa, jibu ni ndiyo. Orodha hutoka ndefu na nzuri, nayo si kweli.

Twalijua jambo hili katika lugha zetu. Tukisema Juma alimwambia Ali kwamba mama yake amefika, kimilikishi yake chaweza kumrejelea Juma au Ali. Msikilizaji huamua kwa muktadha. Akiondolewa Ali katika sentensi, kimilikishi hakifi. Hushikamana na Juma, na msikilizaji asijue kwamba kulikuwa na maana nyingine. Jina lililokosa mwenyewe halinyamazi sikuzote. Pengine hupata mwenye mwingine.

6. Njia za mifumo mingine

Mifumo mingine ilichukua njia nyingine, na kulinganisha njia hizo kwatufundisha mengi.

Oracle, mojawapo ya hifadhidata kubwa za biashara, haikuwa na amri ya kubadili jina la safu mpaka toleo la 9i la pili, mwaka 2002. Kabla ya hapo mtumiaji alilazimika kuunda jedwali jipya na kuhamishia data, au kuweka mwono wenye jina jipya juu ya jedwali lenye jina la zamani. MySQL ilikuwa na amri iliyomtaka mtumiaji aitaje upya aina ya safu hata kama alitaka kubadili jina peke yake. Aliyesahau sifa moja aliipoteza. Toleo la 8.0, mwaka 2018, ndilo lililoleta amri ya kubadili jina bila kugusa mengine.

PostgreSQL ina asili yake katika mradi wa Michael Stonebraker wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. (Mfumo huu nao ulibadilishwa jina mwaka 1996, ukiwa Postgres95, na watu bado huuita Postgres.) Humo mwono hauhifadhiwi kama maandishi. Unapoundwa, mfumo huufasiri, na kila jina la safu hugeuzwa kuwa nambari ya safu hiyo. Kwa sababu hiyo jina la safu likibadilishwa, mwono huendelea kufanya kazi, kwa kuwa haukulitegemea jina tangu mwanzo. Lakini taratibu ambazo matini yake huhifadhiwa kama mfuatano wa herufi hubaki na jina la kale, kama katika SQL Server.

SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp, ilipata amri hii katika toleo la 3.25.0 la mwezi wa Septemba, 2018. Njia yake ni ya tatu: inaposikia jina limebadilishwa, huyapitia maandishi ya miono, faharasa na amri zinazojiamsha zilizomo ndani ya hifadhidata hiyo, na kuyasahihisha yote. Ikiona kwamba badiliko litaleta utata wa maana, hukataa kulifanya. Kadhalika SQL Server yenyewe huweza kukataa: mwono ukiwa umefungwa rasmi kwenye jedwali lake, sp_rename haitakubali kuibadili jina safu ambayo mwono huo unaitegemea.

Basi tuna njia tatu: kuyaacha maandishi na kutoa onyo, kuliacha jina na kushika nambari, au kuyasahihisha maandishi yote yaliyo karibu. Hakuna hata moja inayofika kwenye maandishi yaliyo nje ya hifadhidata: programu iliyoandikwa kwa lugha nyingine, ripoti iliyo katika ofisi ya jirani, au kumbukumbu iliyo kichwani mwa mtu.

Njia ya pili haina ugeni kwa wanafunzi wa lugha za Kibantu. Wilhelm Bleek, katika sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862, alizipa ngeli za nomino nambari, na Carl Meinhof akaiendeleza desturi hiyo. Majina ya ngeli katika vitabu vya shule yamebadilika. Ile iliyoitwa M-WA kwa viambishi vya nomino sasa huitwa A-WA katika shule za Kenya kwa upatanisho wa kisarufi, kwa kuwa kipofu na kijana, ingawa vyaanza kwa ki-, husema amekuja wala si kimekuja. Mwalimu aliyefundishwa kwa jina la kale na mwanafunzi anayefundishwa kwa jipya hugongana darasani. Lakini mwanaisimu anayetaja ngeli ya 1 na ya 2 huelewana na mwenzake wa Afrika ya Kusini au wa Kongo. Nambari hudumu kwa sababu haidai kueleza kitu. Jina hubadilika kwa sababu linadai, na dai laweza kupingwa.

7. Tukio moja

Mwandishi wa makala haya hakujifunza mambo haya vitabuni peke yake. Niliporejea kutoka masomo ya uzamili ng'ambo nilijiunga na kikundi kidogo kilichokuwa kikikusanya msamiati wa lahaja za pwani. Maneno yaliandikwa katika jedwali, na mojawapo ya safu zake iliitwa asili. Mimi, kwa mafunzo yangu, nilidhani ni asili ya neno: Kibantu, Kiarabu, Kireno. Makarani walioingiza data walikuwa wakiandika humo kijiji cha msemaji. Tulipoligundua hilo, tuliamua safu iitwe mahali, ili asili ibaki kwa habari za nasaba ya maneno. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na hata leo ningeuunga mkono. Aliyeisimamia tarakilishi aliandika amri ile ya sp_rename, onyo likatokea, naye akaendelea. Nasi sote tuliokuwa chumbani tukaridhika.

Tusilolikumbuka ni kwamba kulikuwa na utaratibu mwingine, uliotungwa na mtu aliyekwisha kuondoka, ambao kila usiku ulinakili maneno mapya katika orodha ya kuhakikiwa. Uliendelea kuiita asili, ukakosa kila usiku, na kuliandika kosa hilo mahali ambapo hapakuwa na msomaji. Kwa majuma kadhaa hakuna neno jipya lililoingia katika orodha.

Orodha hiyo ilipigwa chapa tukaipeleka kwa wazee waliotupa maneno. Mzee mmoja aliipitia yote kwa utulivu, ukurasa kwa ukurasa, akaivua miwani yake. Akaniuliza, “Mwanangu, yale niliyowapa nyinyi mwayaona hayafai?” Nilimwambia, “La, mzee wangu, yote yamo.” Naye akanirudishia karatasi na kusema, “Basi nionyeshe.”

Sikuwa na la kumwonyesha. Maneno yake yalikuwamo katika jedwali, kamili, bila herufi moja kupotea. Lakini kwa mzee yule orodha ya karatasi ndiyo iliyokuwa kamusi, na humo hayakuwamo. Kosa lilirekebishwa kwa muda wa dakika chache. Kumshawishi mzee atupokee tena kulichukua muda mrefu zaidi, na siwezi kusema kwamba hakuwa na haki.

8. Hitimisho

Historia tuliyoipitia yaonyesha kwamba kubadili jina ni matendo mawili yanayoitwa kwa jina moja. La kwanza ni kubadili maandishi ya daftari kuu, nalo ni jepesi. La pili ni kuwafikia wote walioliandika au kulizoea jina la kale, nalo halina amri. Tangu mwaka 2009 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam imekuwa sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na kifupisho chake rasmi ni TATAKI. Hata hivyo kamusi ya mwaka 1981 iliyo rafuni mwetu bado ni ya TUKI, nasi twaitaja hivyo bila kukosea. Majina ya kale yana makazi yao.

Kwa wenzetu wanaojenga kamusi na mikusanyo katika tarakilishi twatoa mapendekezo matatu. Kwanza, jina la safu lichaguliwe na watu wa lugha pamoja na makarani watakaoijaza, kabla ya data kuingizwa. Kama tungefanya hivyo, asili isingezaliwa na maana mbili. Pili, kabla ya kubadili jina, litafutwe kwanza katika maandishi yote ya taratibu na miono, na katika programu zilizo nje. Na mahali ambapo si rahisi kuyasahihisha yote kwa siku moja, uwekwe mwono wenye jina la kale ili wanaolitumia wapate nafasi ya kuhama. Tatu, liandikwe mahali panaposomwa na watu kwamba jina hili liliitwa hivi hadi siku fulani, na sababu ya kulibadili.

Pendekezo hilo la tatu ndilo kongwe kuliko yote, na si la wahandisi. Ni desturi ya mtunga kamusi, ambaye hapotezi neno lililoachwa, bali huliandika na kumwelekeza msomaji mahali pa kwenda: tazama mahali. Hifadhidata zimepata amri ya kubadili jina. Desturi ya kumwelekeza mtu kutoka jina la kale hadi jipya yabaki kuwa kazi yetu.